Mapazia ya nyumba ya pwani: kutoka kupima dirisha hadi pindo la mwisho

Kabla hujaenda dukani, kaa chumbani saa kumi alasiri, dirisha likiwa wazi na halina pazia lolote. Angalia jua linafika wapi sakafuni. Sikiliza upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Kisha toka nje, simama pale jirani anapoanikia nguo, utazame ndani kama yeye anavyotazama. Usiku rudia tena, taa ikiwa imewashwa. Jua, upepo na sitara: hayo matatu ndiyo yatakayokuchagulia kitambaa. Rangi na maua vitafuata.

Nimeshona mapazia ya watu Dar es Salaam na Tanga kwa muda mrefu, na kazi nyingi nilizoitwa kurekebisha zilikuwa na kosa lilelile. Kitambaa kizito, kinachong'aa, kilichopendeza dukani, kimetundikwa kwenye dirisha pekee linaloleta hewa. Mwenye nyumba analivuta pazia kwa ajili ya sitara, chumba kinageuka tanuri, feni inazunguka mchana kutwa. Bibi zetu hawakuishi hivyo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu asubuhi, umefunikwa pazia jepesi linalochezacheza. Mpita njia haoni ndani, na upepo unapita hadi uani. Mapazia nitakayoeleza hapa yanafuata njia hiyo, hata kama dirisha lako ni la alumini na nyumba yako ni ghorofa ya tano.

Hatua ya kwanza: lijue dirisha

Dirisha la magharibi ndilo gumu kuliko yote. Jua la alasiri huja likiwa chini, hupenya hadi ukutani, na linakuta nyumba imeshapata joto la siku nzima. Hapo unahitaji kitambaa chenye bitana nyeupe inayotazama nje. La mashariki hupata jua la asubuhi, si kali sana, ila chumba cha mtoto anayelala mchana au mtu wa zamu ya usiku litamsumbua. Dar es Salaam ipo nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Madirisha ya pande hizo mbili hupokezana, na hakuna linalochomwa mwaka mzima. Pazia moja jepesi mara nyingi linatosha.

Upepo nao una majira. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba. Dirisha linalotazama kusini au kusini mashariki litapigwa na kusi kwa miezi, na pazia lisilo na uzito chini litakuwa linapeperuka na kuangusha vitu mezani.

Aina ya dirisha nayo iangalie. La vioo vya luva linapitisha hewa kwa eneo lake lote, basi halina shida. La alumini la kusukuma hufunguka nusu tu. Watu wengi hawaligundui hili mpaka mapazia yameshatundikwa: ukilikusanya pazia mbele ya ile nusu inayofunguka, umejinyima hewa yote. Kwenye dirisha la namna hiyo, ama refusha bomba la pazia lipite kioo pande zote mbili ili pazia lijikusanye ukutani, ama tengeneza pazia moja pana linalovutwa kuelekea upande usiofunguka. Na dirisha la mbao linalofungukia ndani linataka bomba lililokaa juu sana au lililotoka mbele sana, la sivyo bawa litakuwa linalikamata pazia kila siku.

Hatua ya pili: pima kwa futi ya chuma

Utepe wa fundi cherehani ukizeeka huvutika. Pima dirisha kwa futi ya chuma, na upime mara mbili. Upana upime juu, katikati na chini. Urefu upime kushoto, katikati na kulia. Sakafu zetu nyingi hazikukaa sawa, na tofauti ya sentimita 2 kati ya pembe moja na nyingine ni jambo la kawaida. Chukua kipimo kifupi.

Tuchukue dirisha la sebuleni lenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 120, kizingiti chake kikiwa sentimita 80 kutoka sakafuni. Bomba lizidi sentimita 20 kila upande: 190. Liwekwe sentimita 16 juu ya dirisha, yaani sentimita 216 kutoka sakafuni. Kama pazia ni la pete, yaani lenye matundu ya pete juu ambamo bomba hupita, kitambaa husimama kama sentimita 4 juu ya bomba, na chini kiache sentimita 1 kisiguse sakafu. Urefu wa pazia likishakamilika ni 216 kuongeza 4 kutoa 1, yaani 219.

Kuhusu urefu nina msimamo. Pazia la sebuleni ama liishie kwenye kizingiti, ama lifike sakafuni. Linaloning'inia katikati ya ukuta linakifupisha chumba na kukifanya kionekane hakijamalizwa. Na lile linalojimwaga sakafuni kama gauni la bibi harusi, kwa nyumba inayopigwa deki kila asubuhi, litakuwa na mstari wa uchafu kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya tatu: hesabu ya kitambaa

Hapa ndipo fedha zinapotea. Marinda hayaji bure: pazia la pete linataka kitambaa mara mbili ya urefu wa bomba, la utepe wa marinda linataka mara mbili hadi mbili na nusu, na lile jepesi la kupenyeza mwanga linataka mara mbili na nusu au tatu, kwa kuwa likibana linafanana na chandarua kilichotandazwa.

Bomba letu ni 190, mara mbili ni 380. Kitambaa cha upana wa sentimita 140: 380 gawanya kwa 140 ni 2.7, basi unahitaji vipande 3. Kila kipande kiwe na urefu wa 219, ongeza sentimita 10 za kukunja juu na 15 za pindo la chini: 244. Vipande 3 ni mita 7 na sentimita 32. Kama ni pamba, ongeza ya kurudi, maana husinyaa ikifuliwa, ununue mita 8. Duka likiwa linauza kwa yadi, mita 8 ni yadi 8 na robo tatu. Yadi ni sentimita 91.4, na anayechanganya mita na yadi hupungukiwa na kitambaa.

Kitambaa cha maua makubwa kina hesabu yake. Pima kutoka ua moja hadi pale ua lilelile linapojirudia. Ikiwa ni kila sentimita 60, kila kipande lazima kianzie mahali palepale pa ua, hivyo 244 inapanda hadi 300, na mita 7.32 zinakuwa mita 9. Watu hushangaa kwa nini mapazia ya maua ni ghali wakati bei ya mita ni ileile; sababu ndiyo hiyo.

Kuna kitambaa cha upana wa sentimita 280, ambacho hulazwa: upana wake unakuwa urefu wa pazia. Kwa dirisha letu, 244 inaingia ndani ya 280 bila shida, kwa hiyo unanunua 380 na sentimita 20 za mapindo ya ubavuni, yaani mita 4 tu, na hakuna kiungo hata kimoja. Ndiyo maana usilinganishe bei ya mita kwa mita. Linganisha bei ya dirisha zima.

Hatua ya nne: dukani

Kariakoo na Mtaa wa Uhuru kwa Dar es Salaam, Darajani kwa Unguja, Mtaa wa Biashara kwa Mombasa, Eastleigh kwa Nairobi: kokote uendako, nenda asubuhi, na ukitoe kitambaa nje ya taa za duka. Taa nyeupe za dukani zinadanganya. Rangi ya maziwa ya pale huwa ya manjano ukifika nyumbani. Kiinue dhidi ya mwanga wa mlangoni, uweke mkono nyuma yake. Ukiyaona matobo ya ufumaji, hewa itapita na usiku utaonekana. Usipoona hata kivuli cha mkono, sitara ipo, hewa haipo.

Muuzaji atakuambia, "Mama, chukua hii, ni pamba tupu, haipauki." Mwambie kwa upole, "Kaka, nikatie kipande kidogo nikakijaribu." Nyumbani chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo juu ya sinia la chuma, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka ikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Zikitokea zote mbili, umepata mchanganyiko. Nusu ya kipande iliyobaki iloweke katika maji ya sabuni, uisugue kwenye kitambaa cheupe: kama inachuja rangi, utaona hapohapo.

Poliesta si adui. Inastahimili jua kuliko pamba, hairudi, haikunjamani, hukauka upesi. Kwa dirisha la magharibi mimi mwenyewe huichagua. Pamba na kitani zina umbile zuri na hupumua, ila jua kali hupausha rangi zake na hatimaye kulegeza nyuzi. Ziweke kwenye madirisha ya kivuli, au uzilinde kwa bitana. Hariri iache kwa mito ya ndani kabisa ya chumba. Dirishani huchanika ndani ya muda mfupi. Mahameli, jamani, hapa pwani hapana. Yanakamata vumbi, yanashika unyevu wakati wa masika, na joto lake linaonekana kwa macho.

Hatua ya tano: loweka kabla ya kukata

Usiiruke hatua hii hata kidogo. Pamba isiyofuliwa inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Mapazia yangu ya kwanza nilimshonea mama yangu, pamba ya rangi ya udongo, yamefika sakafuni sawasawa. Alipoyafua Idi ilipokaribia yalipanda juu ya kifundo cha mguu, na hakuna fundi anayeweza kurudisha sentimita zilizoondoka. Tangu siku hiyo kila pamba na kila kitani ninaloweka usiku kucha katika maji ya kawaida, ninaanika kivulini kikiwa kimenyooshwa, ninapiga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Bitana nayo ukiijua ni pamba, iloweke vilevile, maana bitana ikirudi na kitambaa cha mbele kisirudi, pazia litajikunja kama jani kavu.

Hatua ya sita: kukata na kushona

Kata kwa kufuata uzi. Chomoa uzi mmoja wa mlalo, utaona mstari, fuata huo. Kitambaa cha maua yaliyochapwa upogo usikinunue kabisa, kwa sababu ukifuata uzi maua yatapanda mlima, na ukifuata maua pazia litajipinda.

Vile vipande 3 vinagawanywa kwa mapazia 2: kipande cha tatu kikate katikati kwa urefu, kila pazia lipate kipande kimoja na nusu. Ile nusu iwe upande wa ukutani, si upande wa katikati, ili kiungo kijifiche kwenye marinda. Ukishatoa mapindo ya ubavuni, sentimita 5 kila upande, na kiungo cha sentimita 3, kila pazia linabaki na upana wa 197.

Pete lazima ziwe idadi ya shufwa. Hiyo ndiyo inayofanya kingo zote mbili za pazia zigeukie ukutani. Pete zikiwa witiri, ukingo mmoja utakuwa umejitokeza mbele na hautakaa. Kwa upana wa 197, pete 12 zinafaa: ya kwanza sentimita 5 kutoka ukingoni, na zinazofuata kila sentimita 17. Tia gamu ngumu, kile kitambaa cha kukazia, upana wa sentimita 10 ndani ya pindo la juu kabla ya kutoboa. Chora miduara yote kwanza, tundika kwa kubania, utazame, ndipo utoboe. Tundu halizibiki.

Bitana ina kanuni mbili. Iwe fupi kuliko kitambaa cha mbele kwa sentimita 2 au 3, isichungulie chini. Na pindo lake lishonwe peke yake, lisishikane na pindo la mbele, kwa kuwa vitambaa viwili havirudi wala havivutiki kwa kipimo kimoja. Ubavuni viunganishwe, chini viachane.

Pindo la chini usilishone bado. Lipige bandi tu, mshono wa muda, tundika pazia, ulale nalo siku 2 au 3. Kitambaa hushuka kwa uzito wake, hasa kitani na vilivyofumwa kwa ulegevu, na unyevu wa pwani huongeza. Kisha pima tena kutoka sakafuni, weka alama kwa chaki, shona. Mafundi wenye haraka hawapendi maana wanalazimika kuja mara mbili. Lipa nauli ya mara ya pili.

Pazia jepesi la ndani lina urahisi wake. Vingi vya vitambaa hivyo vya sentimita 280 huja na kamba ya uzito iliyoshonwa tayari kwenye ukingo mmoja. Huo ndio upande wa chini, usiukate. Kinachozidi kipunguze juu.

Hatua ya saba: bomba na ukuta

Hewa ya bahari ina chumvi, na bomba la chuma lililopakwa rangi nyembamba litaanza kutu kwenye viungo, kisha kutu itahamia kwenye pete na kitambaa. Alama ya kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki kwa sabuni. Nunua alumini, chuma kisichoshika kutu, au fimbo ya mbao ngumu kama mninga, iliyopigwa msasa na vanishi. Bomba liwe jembamba kuliko tundu la pete kwa sentimita 1 hivi, ili pazia livutike kwa mkono mmoja.

Juu ya dirisha mara nyingi utakutana na lenta ya zege. Drili ya kawaida itazunguka na kupiga kelele tu. Azima yenye nyundo, na biti ya milimita 8 ya zege. Skrubu ipite plasta, ambayo yenyewe ni sentimita 1.5 hadi 2 na haina nguvu ya kubeba, iingie kwenye zege sentimita 3 au zaidi, ndani ya plagi. Angalia kwanza nyaya za umeme: kama kuna swichi, soketi au kiyoyozi sawia na hapo, waya huenda unapanda wima juu yake. Bomba la 190 lipate vishikio vitatu, viwili pembeni na kimoja katikati pale mapazia mawili yanapokutana, ili kisizuie pete kupita.

Nyumba za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, ni habari nyingine. Chokaa hubomoka ukiisukuma skrubu. Ubao mrefu uliofungwa sehemu nyingi hugawanya uzito, na bomba hushikizwa kwenye ubao. Miji hiyo miwili ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo mwulize mwenye nyumba na ofisi ya hifadhi kabla ya kutoboa.

Pazia likae mbali na ukuta sentimita 8 hivi. Masika yakishika, kitambaa kinachougusa ukuta wenye unyevu huota kuvu nyuma, mahali usipopaona.

Pazia la mlango, kanga na kikoi

Pazia la mlango ndilo rahisi kuliko yote na ndilo ninalolipenda. Mlango wa sentimita 90 unahitaji kipande kimoja tu cha kitambaa cha 140, bila kiungo. Chini kiache sentimita 10 kutoka sakafuni: deki inapita, hewa inapita. Ndani ya pindo la chini tia mnyororo mwembamba usioshika kutu au vibati vidogo vya uzito, kusi lisiliinue mbele ya wageni.

Kanga inafaa hapo, na kwa madirisha mafupi. Kanga moja ina upana wa sentimita 150 hivi na urefu wa 110, kwa hiyo doti moja inakupa mapazia mawili ya dirisha la wastani la jikoni au la chumba cha watoto. Usiikate jina, ule msemo wake. Kunja pindo la juu kwa kiasi kidogo, acha mji, lile eneo la ndani ya pindo la kanga, ukae katikati na jina lisomeke kutoka ndani, maana wanaoishi humo ndio wa kulisoma. Ikining'inia kwenye jua la magharibi itapauka, basi iweke upande wa kivuli. Kikoi ni kizito zaidi, kimefumwa kwa pamba, na mistari yake ya ukingoni hukaa vizuri chini ya pazia. Mwanga unaopita ndani ya kikoi cheupe wakati wa asubuhi hakuna kitambaa cha dukani kinachoutoa.

Jikoni, usiweke poliesta karibu na jiko la gesi. Huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Kipazia kifupi cha pamba kinachoishia kwenye kizingiti, mbali na jiko, kinatosha.

Kufua kufuate vumbi, si kalenda. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi itahitaji mara nyingi kuliko ya ghorofani. Yapukute nje kwanza, yafue kwa maji ya baridi, yaanike kivulini kwa upande wa ndani, na yarudishe bombani yakiwa na unyevu kidogo, yajinyooshe yenyewe. Ule ukanda wa sentimita 36 uliobaki kwenye kitambaa cha 280 utoe mikanda ya kufungia pazia mchana, na kitakachobaki baada ya hapo kifue pamoja na mapazia kila mara, ili siku utakapohitaji kiraka kiwe kimepauka sawa nayo.